Mama Mkwe Darini

Dada yangu Gaudensia haamini ukuta. Mtu mwingine akiingia kwenye nyumba mpya anatazama rangi, anatazama vigae, anamsifu mwenye nyumba. Yeye anagonga. Anagonga kwa kifundo cha kidole, sikio limeinama, kuanzia kwenye swichi kupanda mpaka juu, na asipopenda anachokisikia anaomba patasi na nyundo. Ndiyo maana kule Kamunyonge, Musoma, anakoishi wamempa jina la Mama Tindua. Wenye nyumba hawampendi, mafundi wenzake hawampendi zaidi, na mimi mdogo wake Ursula, ninayeuza dagaa Mwigobero na nisiyejua waya upi ni wa nini, nimemtetea sokoni mpaka nimechoka.

Yeye ni fundi umeme mwenye leseni. Kwa asiyejua, umeme hauletwi nyumbani kwako mpaka fundi wa aina hiyo ajaze cheti na kukisaini. Ndani ya cheti kuna sehemu inayouliza nyaya zimepitishwaje, chumba kwa chumba: zimo ndani ya paipu iliyofukiwa ukutani, au paipu iko nje ya ukuta, au zimeshikwa kwa klipu, au zimelala darini, au ziko chini ya ardhi. Mafundi wengi wanaandika "paipu ndani ya ukuta" kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, wanasaini, wanakunywa soda ya mwenye nyumba, wanaondoka. Nimesikia hata banda la kuku, lililojengwa kwa miti na wavu, limeandikiwa paipu ndani ya ukuta. Mimi nilicheka. Gaudensia hakucheka, aliacha kula.

Nilimuuliza siku hiyo kinachomuuma ni nini, maana karatasi zenyewe zinaishia kwenye faili na faili linaishia kwa panya. Akaniambia kwamba mama anayepigilia msumari wa chandarua ukutani haendi kusoma faili. Anapigilia tu, kwa sababu anaamini kuna mtu alitazama kabla yake.

Basi ndivyo alivyo. Kule Kigera aliwahi kuwabomolea wanakwaya lipu mpya ya chumba chao, wiki ileile waliyokuwa wakijiandaa kukizindua. Mwenyekiti wa kwaya aliapa mbele za Mungu kwamba paipu ipo. Dada akagonga, akatikisa kichwa, akatindua. Paipu haikuwepo. Waya ulikuwa umelazwa mtupu ndani ya lipu, tena mshazari, toka swichi mpaka soketi, ili fundi aokoe waya. Mwenyekiti hakusema asante wala samahani. Mpaka leo dada akienda ibadani benchi lake linabaki na nafasi, na yeye anasema afadhali, anapata pa kuweka mkoba.

Mimi nikikasirika napiga kelele, yanaisha. Hasira ya dada haina kelele, inashika vifaa na kufanya kazi. Kwa muda mrefu niliamini ya kwangu ndiyo mbaya zaidi.

Mumewe alifariki mtoto wao Sara akiwa bado shule, na hawakujaliwa mwingine. Sara alikua msichana wa kucheka kwa sauti, wa kujibu, wa kuimba akiosha vyombo. Akaolewa Bunda na Evance, kijana anayenunua ng'ombe minadani na kuwauza mbele, mtu wa viatu safi na maneno laini. Ng'ombe wa mahari walikuja, wazuri, wanene, na mimi mwenyewe nilipiga vigelegele. Evance alijenga nyumba ya tofali za kuchoma, akaweka dari, akaweka sola. Mama yake, Adventina, akahamia hapohapo kumsaidia Sara baada ya mtoto kuzaliwa. Watu wakasema Sara amepata.

Baada ya hapo simu za Sara zikaanza kupungua. Zamani alipiga kila Jumapili baada ya ibada. Baadaye ikawa ukipiga wewe haipatikani, na siku ikipatikana anasema haraka haraka kwamba ilizima, haikuwa na chaji. Nyumba ina sola juu ya bati, simu haina chaji! Nilimwambia dada kwamba mtoto ameshiba, ametusahau.

Na kwenda kumwona si jambo la kunyanyuka tu na mkoba. Kwetu mama anamheshimu mkwe wake wa kiume kwa mipaka. Atafika kwa sababu inayojulikana, atakaa sebuleni, atakula alichopewa, ataaga. Chumba anacholala mkwe haingii, hachungulii, hata mjukuu akizaliwa analetewa sebuleni. Ukivuka mpaka huo umemvua nguo mkwe wako na umejivua na wewe, na wazee watakuita. Adabu hiyo nimekulia ndani yake na sikuwahi kuiuliza swali. Leo ninalo.

Mwaka huu nguzo za umeme zikafika mtaani kwao. Evance akapiga simu, sauti yote asali.

"Shikamoo mama. Mama, umeme umefika kwetu. Fundi Maige alishavuta nyaya zote kipindi tunajenga, ila leseni hana. Sasa nikasema, kwani nihangaike na watu wa nje wakati mama yangu ni fundi? Wewe jaza tu, mama. Kila kitu kiko ndani ya paipu."

"Marahaba, baba. Nitakuja kuangalia."

"Uangalie tena, mama? Nakutumia picha kwa simu."

"Picha haina sauti," dada akasema. "Nitakuja."

Nilimsindikiza, kwa sababu mama haendi peke yake ukweni. Tulipanda pikipiki yake, sanduku la vifaa nyuma yangu likinichoma mgongo njia nzima, na nilimlalamikia tangu Musoma mpaka Bunda. Nilimwambia asaini, anywe chai, abebe mjukuu, turudi. Nilimwambia ukweni si mahali pa kugongagonga. Yeye aliendesha tu.

Adventina alitupokea vizuri, kusema haki. Alituwekea vitambaa vipya kwenye makochi, akaagiza soda, akasema kuku yuko jikoni. Evance naye alikuwepo, amevaa shati la mikono mirefu, akituita mama kila neno la tatu. Sara akaja na mtoto mgongoni. Alikuwa amepungua mpaka mifupa ya shingo inaonekana. Akatusalimia kwa kupiga magoti, macho chini, akarudi jikoni. Hakukaa. Nilisubiri kile kicheko chake na sikukisikia.

Dada akamaliza soda, akafungua sanduku, akaanza kazi. Sebule, akagonga, akafungua kifuniko cha swichi, akachungulia kwa tochi, akaandika. Jiko, vilevile. Stoo, vilevile. Chumba cha wageni, vilevile. Kila alipogonga alitikisa kichwa kwa kuridhika. Huyo Maige asiye na leseni alikuwa amefanya kazi safi, paipu zimesimama wima toka swichi mpaka juu kama inavyotakiwa, na dada alimsifu kwa sauti. Evance akafurahi, akadhani yamekwisha.

Kikabaki chumba kikubwa, cha mwisho koridoni, mlango umefungwa.

"Hicho andika kama hivyo vingine, mama," Evance akasema.

"Sijakiona."

"Lakini si unajua huwezi kukiona?" Alikuwa bado anatabasamu. "Fundi ni mmoja, siku ni moja, paipu ni zilezile za duka moja."

"Najua siwezi kuingia, baba. Ndiyo maana nasema sijakiona. Nitaacha wazi hapo, utafute fundi mwingine aje aandike hicho kimoja na saini yake."

"Watu wa umeme watakirudisha! Cheti kina tundu, nani atakipokea?"

Adventina akaingilia kati, mkono kifuani. "Mkwe, kwani wewe unataka kuona nini chumbani kwa mwanangu? Mama mzima?"

Nilimvuta dada nguo nikamnong'oneza asaini twende. Aibu ilikuwa imenishika mpaka masikioni. Yeye hakunitazama. Alikuwa anatazama juu, kwenye kifuniko cha dari pale koridoni, kile cha mraba ambacho fundi anapitia kwenda juu.

"Darini hakulali mtu," akasema. "Nipeni ngazi."

Desturi zetu zilitungwa kwenye nyumba za nyasi ambazo hazikuwa na dari, kwa hiyo hakuna babu aliyesema lolote juu ya dari. Evance akacheka, akaleta ngazi mwenyewe. Dada akajifunga kitenge juu ya suruali ya kazi, akapanda, mama mwenye mvi, akapotea kwenye lile tundu. Tukasikia mbao zinalia. Alipita juu ya sebule, juu ya jiko, taratibu, tukimfuata kwa masikio. Kisha hatua zikageuka zikaelekea mwisho wa koridoni.

Adventina akaruka kutoka kwenye kochi. "Yuko juu ya kitanda! Mkwe anatembea juu ya kitanda cha mwanangu!" Akashika kichwa. "Shuka! Mama Sara, shuka, unatuletea mkosi!"

Mimi nikaona nife. Nilipomgeukia Evance ili nimwombe radhi kwa niaba ya ukoo mzima, nikaona hacheki tena. Hatua zilikuwa zimesimama juu ya chumba chake, na yeye alikuwa ametoa macho kwenye ile dari kama mtu anayengoja ianguke.

Dada alikaa huko juu muda. Aliposhuka alikuwa na vumbi na utando wa buibui mpaka kwenye nyusi. Hakujipangusa.

"Evance. Paipu ya swichi ya chumbani kwenu ipo, inashuka vizuri ndani ya ukuta. Lakini imekatwa kwa juu. Waya umetolewa mle, umepitishwa juu ya mbao, umeshushwa huku koridoni. Na wa soketi umekatwa kabisa, ncha imefungwa na gundi. Maige hakufanya hivi mwanzo, hii ni kazi ya baadaye. Nani alisema ihamishwe?"

"Mimi, mama. Ni mambo ya sola tu. Sara anaachaga taa inawaka, betri inaisha. Swichi ikiwa nje, mtu anapita anazima."

"Na soketi?"

"Simu zinakulaga betri."

Dada akageuka kuutazama mlango. Swichi ilikuwa pale pembeni ya fremu, upande wetu, upande wa koridoni. Na juu ya swichi kulikuwa na komeo la chuma, nene, lenye tundu la kufuli, skrubu zake zinang'aa bado. Mimi nilikuwa nimepita hapo kwenda chooni asubuhi ileile na sikuona kitu, kwa sababu mlango wenye komeo ni mlango tu. Sasa niliona. Nadhani niliona kabla hajasema.

"Ukiwa umekwenda mnadani," dada akamuuliza, polepole, "mle ndani taa Sara anawashiwa na nani?"

Evance akamtupia mama yake jicho.

"Nimekuuliza, baba. Kwa ndani hakuna swichi. Anawashiwa na nani?"

"Mama si yupo?" Evance akasema.

Tukamtazama Adventina. Mkono wake ulikuwa umekwenda kwenye fundo la kanga kiunoni na kulishika. Mama mwenzangu! Mwanamke aliyezaa, aliyeimba pambio na sisi siku ya harusi, alikuwa anatembea na ufunguo wa mtoto wetu kiunoni kama ufunguo wa ghala la mahindi.

Dada akaweka tochi mfukoni. Akashika kitasa. Adventina akapiga yowe, Evance akasema, "Mama, usifanye hivyo," na mimi niliyemvuta nguo, safari hii nilimwachia. Akafungua mlango wa chumba cha mkwe wake akaingia.

Mlango alioacha wazi ulinionyesha vyote. Kitanda kizuri, neti nzuri, kabati la vioo. Dirisha lilikuwa limepigiliwa ubao toka ndani mpaka nusu. Pale palipokuwa na swichi, karibu na mlango, kulikuwa na kiraka cha saruji, na pale palipokuwa na soketi kiraka kingine. Dada akavigonga vyote viwili. Alikuwa bado anafanya kazi yake, ndivyo alivyo, hata pale. Kisha akausogeza mlango kidogo, na nyuma yake kulikuwa na ndoo yenye mfuniko. Choo cha nyumba ile, cha kisasa, cha kuvuta maji, kiko hatua chache ng'ambo ya koridoni. Nyuma ya mlango kulikuwa na ndoo.

Akatoka. Sara alikuwa amesimama mwisho wa koridoni na mtoto, uso umekuwa wa majivu.

"Mama," akasema, "mama, umeingia."

"Nimeingia. Sasa wewe toka. Chukua mtoto."

Evance akasimama katikati ya koridoni akatanua mikono. Maneno laini yaliisha. Akasema hatoki mtu, mke ametolewa ng'ombe, akitoka atatoka mbele ya wazee, na kwamba komeo ni la kulinda vitu vyake anapokuwa safarini na Sara ni mtu wa kutangatanga, anapenda kuongea na watu. Anapenda kuongea na watu! Hilo ndilo kosa, ameoa mtu mwenye mdomo.

Hapo ndipo nikawa na faida. Sauti yangu imezoea kushindana na injini za boti pale Mwigobero, na nilisimama kwenye mlango wa mbele nikaifungua yote. Nilisema kila kitu. Nilitaja komeo, nilitaja ndoo, nilitaja ufunguo uko kiuno cha nani. Majirani wakatoka, wenye unga mikononi wakatoka na unga, bodaboda wakazima pikipiki kusikiliza. Evance ni mfanyabiashara, anahitaji watu waendelee kumwamini na ng'ombe zao. Alishusha mikono. Sara akapita pembeni yake bila kumgusa, na hakuchukua hata kanga ya kubadilisha.

Wazee walituita Butiama, nyumbani kwa Mzee Wanzagi, baba mkubwa wa Evance. Tukaenda, mimi na dada na Sara na kaka zetu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua nitakachosema juu ya komeo, nimekipanga njia nzima. Kumbe hatukuitwa kwa ajili ya komeo.

Tuliitwa kwa ajili ya miguu ya dada yangu. Jambo la kwanza, la pili na la tatu lilikuwa kwamba mama mkwe ameingia chumbani kwa mkwe. Tena walianzia darini! Mzee mmoja akauliza kwa makini alikanyaga mbao au alikanyaga dari yenyewe. Mwingine akasema tofauti haipo, aliyeko juu ya kitanda yuko kitandani. Wa tatu akasema hapana, ndege akikaa juu ya bati hatujasema amelala na mwenye nyumba. Wakabishana hivyo, watu wazima wenye fimbo, uji unapoa, na Sara amekaa kwenye mkeka karibu na mlango na mtoto wake mapajani na hakuna hata mmoja aliyemwuliza amekula nini. Niliinuka niseme, kaka akanivuta nikae. Nilikaa. Meno yalikuwa yananiuma kwa kuyabana.

Wakamaliza. Kwa darini, wakasamehe, kwa sababu wahenga hawakuacha neno. Kwa mlangoni, faini ya ng'ombe mtamba mmoja. Wakamwuliza Gaudensia kama ana la kusema.

"Niliingia kweli," akasema. "Mtamba nitamleta."

Nilitamani kumpiga. Na Evance, alipoona mambo yamelala upande wake, akapata nguvu. Alikohoa, akasema kwa adabu nyingi kwamba yeye hana kinyongo, mke wake arudi, na kama wazee wanaruhusu kulikuwa na ile karatasi. Majirani wote wameshawashiwa. "Mama amesharidhika na vyumba vyote, na hata hicho kimoja ameshakiona. Basi atusainie tu, yaishe."

Hata wazee wa upande wake waliona ameomba jambo gani.

Dada akafungua mkoba, akatoa cheti, akaomba kiti cha kuandikia. Mzee Wanzagi akasukuma stuli yake mbele. Gaudensia akavaa miwani, akaandika, hakuharakisha. Kisha akasimama akasoma kwa sauti, ileile anayowasomea wenye nyumba wote.

"Sebule: paipu ndani ya ukuta, nzuri. Jiko: paipu ndani ya ukuta, nzuri. Stoo: nzuri. Chumba cha wageni: nzuri. Chumba kikubwa: paipu ipo, haina waya. Waya wa taa umelazwa darini bila paipu, swichi iko nje ya mlango, juu yake kuna komeo la nje. Soketi imezibwa kwa saruji. Aliye ndani hawezi kuwasha taa, hawezi kuzima, hawezi kufungua. Chumba hakifai kukaliwa na mtu." Akasaini mbele yao, akaandika namba ya leseni, akamnyooshea Evance. "Hicho hapo. Peleka."

Evance hakukipokea. Karatasi ikabaki hewani, mpaka Mzee Wanzagi alipoinyoosha fimbo yake kuonyesha iletwe kwake. Yeye hasomi vizuri tena, macho yameisha. Akampa mzee jirani yake.

"Isome tena hiyo ya chumba kikubwa," akasema.

Ikasomwa tena. Mzee yule msomaji alipofika kwenye "hawezi kufungua" sauti ilipungua, akalazimika kurudia. Adventina alikuwa ameinamisha uso mpaka magotini.

Mzee Wanzagi akageuka kwa shida pale kitini, akamtafuta Sara kwa macho yake mabovu mlangoni.

"Wewe mtoto," akasema. "Ulikuwa unalala humo?"

"Nilikuwaga nakaa humo, baba," Sara akajibu. "Kulala ni kitu ingine."

Alisema kwa sauti ya kawaida, bila kulia, na mtoto akiwa anachezea kifungo chake. Mzee akailaza fimbo yake sakafuni. Halafu akasema Sara abaki kwa mama yake, na habari ya ng'ombe wa mahari itazungumzwa siku nyingine, na yeye mzee asiitwe siku hiyo kama Evance hajaja na lile komeo mkononi. Evance akataka kusema neno, mzee akamwambia akae.

Sasa Sara yuko Kamunyonge. Anapika, anamlea mtoto, ameanza kunisaidia kuanika dagaa asubuhi, na juzi alimjibu mteja mmoja jeuri mpaka nikacheka peke yangu. Nyumba ya Bunda, nasikia, ina umeme. Kuna fundi alisaini. Natamani nijue ni nani nikamfuate dukani kwake na sauti yangu.

Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni mtamba. Baada ya yale yote, baada ya wazee wenyewe kuinamisha vichwa, dada alinunua mtamba mzuri, mwekundu, akampakia kwenye gari ampeleke Butiama. Hakuna aliyemdai! Nilimfuata nikamfokea palepale barabarani. Nilimwambia wale walistahili kwato tu, na hata kwato ningezichoma kwanza. Nilimwuliza analipa nini, analipa kwa kumwokoa mtoto wake?

Alikuwa anafunga kamba, hakugeuka.

"Mpaka niliuvuka, Ursula, na sitasema sikuuvuka. Wacha wamle." Akaivuta kamba kwa nguvu mpaka mtamba akayumba. "Ningeingia mwaka jana, ningewapa wawili."